Kwa nini habari moja hukukosesha usingizi na nyingine unaipita tu

Asubuhi mtu mmoja anarusha kwenye kundi la familia video ya basi linaloungua. Chini yake zinafuata emoji za machozi, "jamani jamani", "poleni wafiwa". Dakika chache baadaye shangazi, ambaye pengine hata hajaifungua ile video, anatuma picha ya mjukuu wake anayetimiza mwaka mmoja, kavishwa kofia ya karatasi. Kundi linanyamaza kidogo. Halafu mmoja anajitosa: "Hongera sana shangazi, amekua!" Wengine wanamfuata, mioyo myekundu inamwagika, na haichukui muda lile basi limeshasukumwa juu ya skrini, halionekani tena.

Ukimuuliza kila mmoja baadaye alijisikiaje, majibu hayatafanana. Yupo aliyeshinda na picha ya basi kichwani, kazi haikwenda, na moyoni akawalaumu wenzake kwa kuhamia kwenye hongera upesi vile. Yupo aliyeandika "hongera" huku akijiona mnafiki. Yupo aliyeitazama video yote asihisi kitu, kisha akajishtukia: hivi nimekuwa mtu wa namna gani mimi? Wote hawa wameshika dhana moja, kwamba uchungu anaoupata mtu akisikia habari mbaya ndicho kipimo cha utu wake. Nadhani dhana hiyo ni potofu, na inawatesa watu bure. Uchungu huo hutegemea habari ilivyochaguliwa, ilivyooneshwa, mwili ulivyoipokea, idadi iliyotajwa, na kama msikiaji ana la kufanya. Wema au ubaya wake una nafasi ndogo mno humo.

Kinachokufikia kimeshachujwa

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norwe, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchunguzi wa namna magazeti ya nchini kwao yalivyoandika kuhusu migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Walitaka kujua tukio hugeukaje kuwa habari. Orodha yao ya vigezo bado inafundishwa katika vyuo vya uandishi: tukio lina nafasi kubwa ya kuandikwa likitokea ghafla na kukamilika ndani ya muda mfupi, likiwa baya, likigusa mataifa makubwa au watu wakubwa, na likiwa na sura ya mtu ambaye kisa kitasimuliwa kupitia kwake. Basi likiungua ni habari. Maji machafu yanayoua watoto mmoja mmoja mwaka mzima hayana siku yao, kwa hiyo hukaa kurasa za ndani mpaka itolewe ripoti au atokee kiongozi wa kuyazungumzia.

Siku hizi mchujo huo una ngazi nyingine, kwa sababu wanaochagua si wahariri peke yao. Sisi wenyewe tunachagua kwa kidole, na programu zinazopanga kipi kitangulie zinakisoma kidole hicho. Mwaka 2019 Stuart Soroka na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 17: watu walioneshwa habari za video huku mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi vikipimwa. Kwa wastani miili iliamshwa zaidi na habari mbaya kuliko nzuri, ingawa mtu na mtu walitofautiana sana, na wapo ambao nzuri ndizo zilizowaamsha. Mwaka 2023 uchunguzi mwingine, wa maelfu ya vichwa vya habari vya tovuti moja ya Marekani, ulionesha kwamba kila neno hasi lililoongezwa kwenye kichwa cha urefu wa kawaida lilipandisha ubofyaji kwa asilimia 2.3. Kwa msomaji mmoja hiyo ni tofauti isiyoonekana. Kwa anayeishi kwa kuhesabu mibofyo, ni mshahara.

Sasa mtu akishalishwa mchanganyiko huo kila siku, anaanza kuona dunia kwa uwiano wake. Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza mwaka 1973 kwamba tunapokadiria uwezekano wa jambo, mara nyingi tunaangalia mfano wake unatujia kichwani kwa wepesi gani. Kilicho rahisi kukumbuka tunakiona kinatokea mara nyingi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha kupanda ndege wakasafiri kwa magari, chombo ambacho huua watu wengi zaidi kwa umbali uleule. Gerd Gigerenzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu wapatao 1,500 walikufa barabarani zaidi ya ambavyo ingetarajiwa. Hao hawakuoneshwa kwenye runinga. Walikufa wawili wawili, njiani, huku wakiikimbia ajali waliyoiona mara mia kwenye skrini.

Kwa hiyo hofu uliyonayo baada ya wiki ya habari mbaya inaweza kuwa ya kweli kabisa kama hisia, na bado ikawa na makosa makubwa kama hesabu.

Mwili haujui umbali

Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza mapema katika karne ya 20 kinachompata mnyama anayekabiliwa na hatari. Adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unakwenda mbio, sukari inatolewa, mmeng'enyo wa chakula unasitishwa, misuli inajiweka tayari kupigana au kukimbia. Mpango huo unafaa sana kwa hatari iliyo mbele yako. Habari huleta hatari ya namna nyingine, inayoonekana kwa rangi na kusikika kwa sauti, na wakati huohuo haipo hapo ulipo. Hakuna wa kumpiga wala mahali pa kukimbilia. Umekaa tu kitandani. Kinachosogea ni kidole gumba peke yake, nacho kinatafuta zaidi.

Kutafuta zaidi si upuuzi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: anayetaka kujua moto ulianzia wapi, na milango ya basi ilifunguka au haikufunguka, anajiandaa kwa safari yake mwenyewe. Ila habari ya tano kuhusu tukio lilelile mara nyingi haina jipya zaidi ya picha. Maswali yameshajibiwa, au hayajapata jibu bado na hayatalipata usiku huo, na kinachoendelea kuingia ni mshtuko mwingine juu ya mshtuko.

Madhara yake yamepimwa. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia mbio za marathoni za Boston, yakaua watu 3 na kujeruhi mamia. Alison Holman, Dana Rose Garfin na Roxane Silver waliwahoji watu 4,675 katika wiki chache zilizofuata, wakiwemo wakazi wa Boston na watu wa mbali. Waliofuatilia habari za mlipuko huo kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki ya kwanza waliripoti dalili kali zaidi za mshtuko kuliko waliokuwepo kwenye mlipuko au karibu nao. Dalili zenyewe ni za kawaida baada ya janga: ndoto za tukio, kushtuka ovyo mlango ukigongwa, kukwepa chochote kinachokumbusha.

Matokeo hayo yasisomwe kana kwamba kutazama bomu ni kubaya kuliko kulipuliwa. Aliyepoteza mguu ana msiba ambao runinga haiufikii. Pia inawezekana kwamba wenye hofu ndio waliotazama sana, na si kwamba kutazama ndiko kulikowatia hofu. Watafiti walijua hilo, wakaendelea kuwafuatilia Wamarekani wale kwa takriban miaka mitatu, hadi shambulio la bunduki kwenye klabu ya usiku mjini Orlando, Marekani, mwaka 2016. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionesha kwamba mambo huenda pande zote mbili. Waliotazama sana baada ya Boston walibaki na dalili. Dalili ziliwafanya wawe na wasiwasi kuhusu shambulio lijalo. Na Orlando ilipotokea, wenye wasiwasi ndio waliorudi kutazama sana. Mzunguko huo haumtaki mtu awe mpumbavu au dhaifu. Unamtaka awe na simu tu.

Kuna tofauti kubwa kati ya kusoma na kutazama ambayo naona watu hawaitumii ipasavyo. Aya tatu zilizoandikwa vizuri zinakwambia nani, wapi, lini na kwa nini. Video ya sekunde 40 inakupa sauti ya mtu anayepiga mayowe, na sauti hiyo itabaki nawe hata baada ya kusahau ilikuwa nchi gani. Kuzima video zinazojicheza zenyewe ni kazi ya dakika moja kwenye mipangilio ya simu, na haikupunguzii hata chembe ya unachokijua. Kumtumia mwenzako klipu ya mauti bila kumuuliza kama anataka kuiona ni jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, tungeacha kuliita "kufahamishana".

Mmoja, wawili, laki mbili

Kifo cha wengi harusi, tunasema, tukimaanisha kwamba msiba unaoshirikiwa na wengi hubebeka. Kwenye habari msemo huo hupata sura ya pili: wafu wakiwa wengi mno, macho hayawaoni.

Miaka michache baada ya tetemeko lililoiangusha Lisbon mwaka 1755, mwanafalsafa wa Uskoti Adam Smith aliwataka wasomaji wake wafikirie dola yote ya China imemezwa na ardhi. Mtu mwema wa Ulaya akisikia habari hiyo angefanya nini? Angesikitika, alisema Smith, angetafakari jinsi maisha yalivyo mafupi, pengine angehesabu biashara itaathirika vipi, kisha angeendelea na shughuli zake kwa utulivu kana kwamba hapakutokea kitu. Lakini mtu huyohuyo angeambiwa kesho atakatwa kidole chake kidogo, usiku asingepata usingizi. Smith hakuwa anamsimanga. Alikuwa anaeleza moyo ulivyoumbwa, na nitarudi kwake kwa sababu hakuishia hapo.

Karibu miaka 250 baadaye Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliujaribu moyo huo kwa fedha. Washiriki walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa wachangie shirika la misaada. Kundi moja lilipewa kisa cha Rokia, msichana wa Mali mwenye miaka 7 anayekabiliwa na njaa. Kundi la pili lilipewa takwimu za mamilioni ya Waafrika wasio na chakula. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Waliomsoma Rokia peke yake walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu, 1.14. Kilichowashangaza wengi ni kundi la tatu: Rokia akiwa na takwimu pembeni yake alipata 1.43 tu. Idadi, badala ya kuongeza uzito wa kisa chake, iliupunguza. Utafiti mwingine wa mwaka 2014, uliomhusisha Slovic pia, uligundua kwamba huruma huanza kushuka hata mtoto mmoja anapokuwa wawili. Moyo hauhitaji milioni ili uchoke.

Tunayajua haya bila maabara. Septemba 2015 picha ya mtoto mdogo wa Syria aliyekufa maji, amelala kifudifudi kwenye ufukwe wa Uturuki, ilizunguka dunia nzima kwa siku moja. Wakati huo vita ya Syria ilikuwa na zaidi ya miaka minne na ilikuwa imeua watu zaidi ya laki mbili. Idadi hiyo ilikuwa imechapishwa mara nyingi, haikumtoa mtu machozi. Picha moja ndiyo iliyowatoa. Slovic na wenzake walipochunguza mfuko wa Msalaba Mwekundu wa Sweden uliokuwa ukiwachangia wakimbizi wa Syria, walikuta idadi ya michango kwa siku katika wiki iliyofuata picha hiyo ilizidi ya wiki iliyotangulia kwa zaidi ya mara 100. Baada ya takriban wiki sita, michango ilikuwa imeteremka karibu na ilikoanzia. Vita ilikuwa bado inaendelea.

Aliyelia kwa ajili ya mtoto yule na hakulia kwa wale laki mbili hakuwa anabagua. Machozi yanahitaji uso, na takwimu haina uso. Kwa sababu hiyohiyo, aliyeipita habari ya maelfu bila kutikisika hapaswi kujitafutia ugonjwa wa roho.

"Alikuwa anafanya nini huko?"

Kuna jibu moja la habari mbaya ambalo watu hawalikiri: kumlaumu aliyepatwa. Mtu ameporwa usiku, swali la kwanza ni alitoka usiku kufuata nini. Familia imezama, wa kwanza kusema anauliza waliona bahari imechafuka wakapanda kwa nini. Tukiyasikia kwa wengine tunayaona ni ukatili, na mara nyingi ni ukatili kweli. Ila yana chanzo chake.

Melvin Lerner na Carolyn Simmons walikionesha mwaka 1966. Waliwaweka wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mbele ya runinga, wakamtazama mwenzao akipigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, mwanamke yule alikuwa anaigiza, lakini watazamaji hawakujua. Waliopewa nafasi ya kusitisha mateso, wengi wao waliyasitisha. Walioambiwa kwamba mateso yataendelea na hawana la kufanya, walianza kumshusha thamani: wakamwona si mtu wa kuvutia, hafai sana. Lerner alieleza kwamba tunahitaji kuamini dunia ina haki, kwamba mtu hupata anachostahili. Anapoteseka asiye na kosa na hatuwezi kumsaidia, imani hiyo inayumba, na njia ya haraka ya kuiokoa ni kumtafutia kosa.

Nadhani hili ni muhimu kuliko mengine yote niliyoyaeleza, kwa sababu linaonesha kuwa ukali wetu mara nyingi ni kukosa la kufanya kulikovaa nguo ya hukumu. Walewale ambao wangeweza kuwa wabaya, walipopewa nafasi ya kusitisha mateso, tuiite kitufe, waliitumia. Na habari za siku hizi hutuweka karibu kila saa mbele ya runinga ile, bila kitufe.

Hasira nayo ina mtego wake. Machi 1964 mwanamke kijana, Kitty Genovese, aliuawa usiku nje ya makazi yake New York, na wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye lolote. Marekani nzima ilijawa hasira na aibu. Hasira ile ilizaa kitu cha maana: John Darley na Bibb Latané walifanya majaribio waliyoyachapisha mwaka 1968, yakaonesha kwamba mtu aliyedhani ni yeye peke yake anayemsikia mgonjwa wa kifafa alikwenda kutoa taarifa kwa asilimia 85 kabla mgonjwa hajanyamaza, lakini aliyedhani wanasikia na wengine wanne, kwa asilimia 31 tu. (Kundi la familia lenye watu 60 likipata taarifa kwamba binamu amelazwa, kila mmoja huandika "pole" na kudhani mwingine ameshampigia simu.) Hata hivyo, kisa chenyewe hakikuwa kama kilivyoandikwa. Wengi wa majirani wale hawakuona kitu, walisikia kelele za vipande vipande, na wapo walioita polisi au kutoka kumsaidia. Gazeti lenyewe lilikiri mwaka 2016 kwamba habari ile ilikuwa na kasoro. Watu walikuwa wameona haya kwa miaka 50 kwa jambo ambalo halikutokea namna ile.

Hasira ikishapanda haisubiri uhakika. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walichunguza habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakakuta za uongo zina uwezekano wa kurushwa upya kwa asilimia 70 zaidi ya za kweli, na waliozirusha walikuwa binadamu hasa, si roboti. Majibu ya watu kwa habari hizo za uongo yalijaa mshangao, woga na karaha. Ukijikuta unataka kurusha kitu kabla hujafika mwisho wake, hiyo ni dalili kwamba kimetengenezwa vizuri. Kama ni cha kweli, ni swali jingine.

Kwenda kuogelea siku ya vita

Tarehe 2 Agosti 1914 mwandishi Franz Kafka aliandika kwenye shajara yake kwamba Ujerumani imetangaza vita dhidi ya Urusi, na kwamba mchana alikwenda kuogelea. Maneno hayo machache yamenukuliwa sana, kwa kawaida kama ushahidi wa mtu asiyejali. Kwangu yanasomeka kama shajara ya karibu kila mtu. Vita ingekuja kuua mamilioni, lakini mchana ule kuacha kwake kuogelea kusingemwokoa hata mmoja wao.

Hapa ndipo penye kile kinachoitwa hatia ya kuendelea kuishi: kucheka siku ambayo wengine wanazikwa, kufanya harusi iliyopangwa tangu mwaka jana, kuulizia bei ya viatu. Tunajihisi kana kwamba kuendelea kwetu ni kuwasaliti. Lakini kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Aliye mbali akijifanya mfiwa, mfiwa hafaidiki kitu, na mara nyingi anapata kazi ya ziada ya kumbembeleza.

Watafiti wa ubongo wametenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida tunayaita huruma. Moja ni kuumia pamoja na anayeumia, mpaka maumivu yake yawe yako. La pili ni kumtakia nafuu na kutaka kumsaidia, bila kuzama naye. Olga Klimecki na Tania Singer waliwafundisha washiriki hayo mawili kwa zamu huku wakiwachunguza kwa mashine ya kupiga picha za ubongo. Mafunzo ya kuumia na mwenzako yaliwaongezea hisia mbaya walipotazama video za watu wanaoteseka. Mafunzo ya kumtakia nafuu yalirudisha hisia njema na kuamsha sehemu tofauti za ubongo. Anayezama huanza kutafuta njia ya kutoka, na njia iliyo karibu ni kuzima skrini. Ndiyo maana mara nyingine aliyelia sana jana hataki kusikia habari hiyo leo.

Kuzima nako kumekuwa jambo la wengi. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford huuliza kila mwaka watu wa nchi nyingi kama huwa wanazikwepa habari. Mwaka 2017 waliosema hufanya hivyo mara nyingi au mara moja moja walikuwa asilimia 29. Mwaka 2024 walikuwa 39. Sioni kosa katika kupumzika. Naona tofauti, hata hivyo, kati ya anayezima kwa sababu amejua ya kutosha na anayezima moja kwa moja, kwa sababu wa pili atapitwa pia na tangazo la mafuriko yanayokuja kwake.

Na kuna kuzima kwa nje huku ndani kunaendelea. Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa Stanford tabia zao za kuwaza kabla ya tetemeko la Loma Prieta la Oktoba 1989 kuikumba California, bila kujua kwamba litatokea. Waliokuwa na tabia ya kurudiarudia mawazo kuhusu huzuni yao walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona siku 10 na wiki saba baada ya tetemeko. Kuwaza sana juu ya janga hufanana na kulishughulikia, hasa usiku. Ila asubuhi ukijiuliza ni kitu gani kimebadilika, mara nyingi hukioni.

Sasa turudi kwa Smith. Baada ya kumwonesha mtu wake akikoroma huku China imezama, aliuliza swali la pili: je, mtu huyu, kama ingekuwa kwenye uwezo wake, angewatoa watu wale milioni mia ili aokoe kidole chake? Jibu lake ni kwamba hapana, wazo lenyewe linamtisha kila mtu timamu, na dunia katika ubovu wake wote haijawahi kumzaa mwovu wa kiwango hicho. Hisia zake ni ndogo na za kibinafsi, lakini akiwekwa mbele ya uamuzi anaamua kwa kipimo kingine. Smith alikiita akili, dhamiri, mwamuzi aliye ndani. Kipimo hicho hakingoji machozi. Kinahitaji uamuzi ulio mbele yake, yaani kile kitufe ambacho wanafunzi wa Lerner walipewa na wengine wakanyimwa.

Kwenye habari nyingi hakuna kitufe, na hapo inatosha kujua, kusikitika kwa kadiri ya moyo wako siku hiyo, na kumjibu shangazi kuhusu mjukuu wake. Kwenye baadhi kipo: damu inahitajika hospitali iliyo karibu, kuna mkutano wa hadhara kuhusu barabara ileile iliyoua, jirani ana ndugu kwenye orodha ya waliojeruhiwa na hajui aanzie wapi. Huwa ni vitu vidogo, vyenye saa na mahali, na aghalabu havimo kwenye video.

Takwimu za Sweden zina sehemu ambayo haisimuliwi sana. Wengi waliotoa Septemba ile ya 2015 walitoa mara moja, na wimbi lao likashuka kama nilivyoeleza. Lakini wapo waliojaza fomu ya kuchangia kila mwezi. Mwezi ule idadi ya waliojiandikisha hivyo ilipanda karibu mara kumi ya mwezi uliotangulia, kutoka watu 106 hadi 1,061. Miezi kadhaa baadaye, picha ikiwa imeshaondoka kwenye kurasa zote za mbele na machozi yameshakauka, karibu wote walikuwa hawajajiondoa.